Salamu Kabla ya Sindano

Hosteli ya Wanawake, Chuoni
9 Septemba 2024

Mjomba wangu Matano,

Shikamoo. Assalaam alaykum warahmatullahi. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na kibanda chako cha kunyolea, pamoja na wateja wako wote, wenye nywele na wale wasio nazo wanaokuja kukalia benchi tu. Mimi ni mzima wa afya. Mama amerudi Mkwiro salama. Anakusalimu sana, na anasema zile korosho ulizompa amezificha ili wajukuu wasizimalize.

Haya, nimeandika kwa mkono kama ulivyoamuru. Ulisema simu yako imekufa sauti, na kwamba mambo ya maana hayapigiwi kelele hewani. Basi barua nampa Sanga, ambaye lori lake hupanda huku na machungwa ya Msambweni na kuteremka na viazi. Nawe ukijibu mpe yeye. Ila hana haraka yule, akifika Mackinnon Road hushuka kula, akishakula hulala, kwa hiyo usiudhike majibu yakichelewa.

Huku baridi ni ya kweli, Mjomba. Nimevaa sweta juu ya sweta na buibui juu ya zote, nafanana na gunia la mkaa lililofungwa vizuri. Tunakaa wawili chumbani, mimi na msichana anaitwa Everlyn, mcheshi, anacheka nikisema "ahsante sana" badala ya "poa".

Sasa jambo lenyewe. Chuo kimenipokea, lakini bado hakijaniambia kinanipokea wapi. Ninachoomba ni kuhamishia diploma yangu ya maabara kwenye shahada na kuanzia mwaka wa tatu, yale niliyokwisha kuyasoma yahesabiwe. Vyeti vyangu vimekubaliwa. Umebaki mtihani wa mikono mwezi ujao: kusoma vioo kwa hadubini, kupima, na kutoa watu damu. Nikipita, nitamaliza ndani ya likizo ya miaka miwili niliyopewa kazini. Nikianguka, ni kuanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari jana, miaka minne mizima, na hiyo minne mimi sina. Itabidi nirudi nyumbani kama nilivyokuja.

Lakini usiwe na wasiwasi. Vioo navijua. Na kutoa damu! Mimi ambaye nimetoa damu Kinondo yote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyewahi kutoka maabara kwangu akinuna.

Mahali pangu katika maabara ya kituo cha afya amekaa kijana anaitwa Kiilu. Mzoeshe watu.

Mpwa wako anayekupenda,
Yusra


Kinondo
25 Septemba 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba, na waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi, hatuna la kumlalamikia Mungu, la kuwalalamikia watu lipo. Mvua imenyesha kidogo, mihogo imefurahi. Mamako nilimwona siku mbili tu akakimbilia kisiwani kwake, dada yangu huyo tangu utoto hakai mahali pamoja.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikaisoma kibandani kwa sauti. Abdulwahab wa madrasa alikuwa nusu ya kichwa imenyolewa, akasema isomwe tena. Mwaka wa tatu! Mtu anaingia chuo kikuu kwa mlango wa kati, wenzake wako foleni ya mlango wa mbele. Nimefurahi mpaka nikamnyoa bure.

Ijumaa tumekusomea dua. Nimechinja mbuzi yule mwekundu. Wamekuja watu mpaka wa Galu, wamekula wakashiba, na kila mmoja anajua kwamba wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Najua utasema bado mtihani. Mwanangu, mtihani wa kudunga watu sindano kwako wewe ni kama kuniambia mimi nifanye mtihani wa kunyoa. Yaliyobaki ni kuandikwa tu.

Kuhusu huyo Kiilu wako, sitaki kuanza umbeya, lakini nitaanza. Kijana hasalimu. Anapita hapa mbele ya kibanda kila asubuhi akienda kazini, kimya, na kile kitambaa chake cha mdomo, kama anayepita makaburini. Mimi ni mtu mzima, nimenyoa babu za watu. Nilikwenda kituoni kupimwa sukari, nikakaa kwenye kiti chako, akanishika mkono bila neno. Nikautoa mkono wangu nikaondoka. Mtu hadungwi kabla ya kuulizwa hali. Wewe nilikufundisha hilo kabla hujajua kusoma, na ndiyo sababu watu walikupa mikono yao.

Chirau pia tumekosana. Alikuwa ananyolewa, akanung'unika maneno kwa mdomo wa ndani, mimi nikamjibu kiungwana, "Mungu azidishe." Kumbe alikuwa ananiambia ameibiwa mbuzi. Sasa hilo ni kosa langu? Mtu akiibiwa asema kwa sauti. Siku hizi watu wote wamekuwa wa kunong'ona, hata redio yangu imeanza kunong'ona, nimeipandisha mpaka mwisho.

Kaza moyo. Ukivaa sweta ya tatu usisahau kula.

Mjomba wako,
Matano


Hosteli ya Wanawake
4 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na kibanda hakijambo, na Abdulwahab nusu ya pili ya kichwa imenyolewa. Mimi sijambo sana. Samahani kwa kuchelewa kujibu, Sanga alipita mara moja bila kuingia chuoni, na mara ya pili mimi nilikuwa darasani.

Huku mvua inanyesha kila siku mchana. Nimenunua viatu vya mpira. Everlyn amenifundisha kupika mukimo, viazi vyao vya kuponda na mahindi, nami nimemfundisha wali wa nazi, ingawa nazi ya huku ni ya pakiti na haina harufu. Nimemsimulia juu ya mbuzi mwekundu. Amesema angependa kuwa na mjomba kama wewe. Viazi vya huku ni vizuri sana. Nimekuletea nusu gunia kwa Sanga. Ukivichemsha usivimenye, ganda lake ni laini.

Maabara za chuo ni kubwa, kila mwanafunzi na hadubini yake, na umeme haukatiki. Mtihani tumefanya. Vioo nilivisoma vyote. Kichocho, malaria, hata mdudu wa matende, ambaye wenzangu wengi walikuwa wamemwona kitabuni tu. Majibu ya mwisho bado.

Juu ya Kiilu nimeshangaa kidogo, lakini tuyaache.

Nisalimie wote,
Yusra


Kinondo
15 Novemba 2024

Yusra,

Marahaba. Tu wazima. Viazi nimevipokea, vizuri, ganda laini kama ulivyosema.

Sasa nisikilize. Wewe ni mtoto wa dada yangu, nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka Msambweni ulipopata surua. Barua yako imejaa mvua, viatu, wali na viazi. Mtihani umepewa mistari michache, na katika hiyo michache umeniambia vioo tu. Kutoa damu kumekwenda wapi? Mtu aliyefaulu haanzi kwa bei ya viatu.

Niambie. Mimi si mgeni wako. Mbuzi nimekwishamchinja, hawezi kufufuka, kwa hiyo usiogope kwa ajili yake.

Huyo Kiilu bado. Kina mama hapa nao wameanza kusema kama mimi, kwamba kijana ana kiburi, na baadhi yao wanakwenda mpaka Msambweni kupimwa. Sijawatuma. Nilisema tu niliyoyaona.

Matano


Hosteli ya Wanawake
28 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuisomea barua hii kibanda kizima. Ikiwezekana, usiisome kibandani kabisa.

Nimeanguka sehemu ya kutoa damu.

Hapo, nimesema. Nililia siku nzima, Everlyn ni shahidi, lakini sasa silii tena, nina hasira tu, na hasira zenyewe sijui nimwelekezee nani.

Ilikuwa hivi. Kila mtahiniwa alipewa meza na watu sita wa kutolewa damu, wafanyakazi wa chuo waliojitolea, na kengele. Ikilia, umekwisha. Wa kwanza wangu alikuwa bawabu mmoja, mzee wa makamo yako. Nikamwambia shikamoo. Nikamuuliza hali, nikamuuliza nyumbani, akaniambia binti yake amejifungua wiki ile. Ningefanyaje, Mjomba? Nimkate maneno nimchome? Nikampa hongera, nikamuuliza mtoto ameitwa nani, nikamwombea akue vizuri, ndipo nikauchukua mpira wa kufungia mkono. Damu yake ilitoka safi, hata hakukunja uso. Wa pili, mama wa jikoni, alikuwa anaogopa sindano tangu utoto. Nikakaa naye mpaka woga ukamtoka, naye akatoa. Wa tatu alikuwa katikati ya habari za mahindi yake kengele ikalia. Nikageuka. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa amemaliza wote sita na anapangusa meza.

Mwalimu anayetusimamia anaitwa Daktari Mbithe. Si mtu mbaya. Aliangalia vichupa vyangu viwili, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, hapa ni maabara, si barazani." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili nisilie mbele yao.

Kamati imesema nimefaulu mengine yote, vioo nimeongoza, na kwa hiyo wamenipa nafasi moja ya kurudia sehemu ya damu, katikati ya Januari. Nikianguka tena ni mwaka wa kwanza, na mimi nimeshakuambia, mwaka wa kwanza kwangu ni kurudi nyumbani.

Everlyn anasema niache salamu siku hiyo moja tu, niwe kama mashine, nikishapita nirudie tabia yangu. Nimejaribu. Nilimfunga yeye mkono bila kusema neno, mkono wangu mimi ukatetemeka. Sijawahi kumshika mtu mkono bila kumjulia hali. Sijui unafanywaje.

Nifanye nini, Mjomba?

Yusra


Kinondo
9 Desemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Barua sikuisoma kibandani. Niliisoma chini ya mnazi nyuma ya nyumba, kuku tu ndio mashahidi, na kuku hawana umbeya.

Kwanza, futa machozi na futa hasira. Hukuanguka kwa ujinga. Umeanguka kwa adabu, na adabu yenyewe nilikupa mimi, kwa hiyo tumeanguka wote wawili na tutainuka wote wawili.

Pili, huyo Everlyn ni mtoto mzuri lakini hapo amekosea. Usiache salamu. Ukiziacha mkono utatetemeka, umekwishaona. Kosa lako si salamu. Kosa lako ni kwamba umeisimamisha mikono ili mdomo upite.

Hebu nikumbuke mimi kazini. Wewe ulikuwa ukikaa kwenye lile debe ukinitazama kila ulipotoka shule. Uliwahi kuniona nimesimama na mkasi hewani nikiuliza habari? Mteja akiingia, namwambia karibu huku nakung'uta kitambaa. Namuuliza hali huku namfunga shingoni. Kisha namuuliza swali lenye jibu refu. Watoto wanasomaje. Shamba limetoa nini. Hapo anaanza kueleza, na mtu anayeeleza habari za wanawe hatikisi kichwa, ametulia tuli, na wala haoni wembe. Swali ni lako, jibu ni lake, na wakati wa jibu mikono ni yako. Mimi Jumamosi moja kabla ya Idi nimenyoa watu mpaka wembe ukaomba ruhusa, na hakuna aliyeondoka bila kuulizwa mamaye.

Wewe ulichofanya ni kungoja jibu liishe. Usingoje. Binti wa bawabu amejifungua? Hongera, na mpira umefungwa. Mtoto anaitwa nani? Anapolitaja jina, wewe uko kwenye mshipa. Umwombee mtoto akue vizuri wakati damu inaingia kwenye kichupa.

Fanya mazoezi na huyo mwenzako. Mfunge mkono kila siku. Muulize habari za kwao mpaka achoke kukujibu.

Watu hapa wakiniuliza, nawaambia mwaka wa tatu. Sijasema uongo, nimetangulia tu.

Juu ya Kiilu umeniuliza kupitia kwa Sanga ananikosea nini hasa. Sina zaidi. Tuyaache, kama ulivyosema mwenyewe. Na simu bado haijapona.

Matano


Hosteli ya Wanawake
27 Januari 2025

Mjomba wangu, mwalimu wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Unaweza kuisoma hii kibandani. Soma kwa sauti. Soma mara mbili.

Nimepita! Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya maabara, nimepewa na kitambulisho, picha imetoka mbaya lakini mwaka umeandikwa vizuri.

Desemba yote nilimfunga Everlyn mkono. Najua sasa habari za kwao kuliko za kwetu, mpaka jina la ng'ombe wao. Siku zile za kwanza nilikuwa nikiuliza nasahau mkono, nikishika mkono nasahau swali. Kisha siku moja vikaenda pamoja, sikujua vimekwendaje, na Everlyn akasema, "Umeshamaliza? Sijafika hata kwa shangazi yangu."

Siku ya mtihani nikamkuta yule yule bawabu kwenye foleni yangu. Nikamwambia shikamoo, nikauliza mjukuu anaendeleaje. Akafurahi sana kwamba nimekumbuka. Alipokuwa anaeleza kwamba ameanza kucheka, kichupa kikajaa. Sita wote, Mjomba, na kengele ilikuwa bado. Nikapangusa meza kwa madaha. Daktari Mbithe akaja, akasema, "Nimekuona. Umewasalimu wote." Nikasema ndiyo, Daktari. Akasema, "Sikukuambia usisalimu. Nilitaka nione mikono." Halafu akaniomba, mbele ya wale waliocheka, niwaonyeshe wanaoanza jinsi ninavyofanya. Nilitamani uwepo.

Sasa, Mjomba, keti vizuri. Kama unasoma kibandani, hapa acha, ukunje barua, umalizie nyumbani.

Katika mazoezi yale nilijifunza jambo ambalo hukuniandikia, labda kwa sababu kwako lilikuwa la kawaida. Mikono inakwenda na mdomo unakwenda, lakini anayeiongoza yote ni sikio. Nisiposikiliza jibu, sijui lini mtu ametulia na lini anataka kuruka. Nikawa nakuwaza wewe. Nikakumbuka Chirau na mbuzi wake aliyeibiwa, nawe ukamjibu "Mungu azidishe." Redio inayonong'ona. Simu iliyokufa sauti, ambayo mimi nilikununulia mpya kabla sijaondoka.

Nikampigia Kiilu. Hakutaka kusema, nikambana. Mjomba, Kiilu anakusalimu. Kila asubuhi anapopita kibandani anasema, "Shikamoo, mzee Matano," na wewe hugeuki. Siku ile ya sukari alikusalimu, akakuuliza hali, akakuuliza kama umekula, nawe ukautoa mkono ukaondoka, na tangu siku hiyo anajiuliza amekukosea nini. Sauti yake ni ndogo, na kile kitambaa cha mdomo kinaizima zaidi. Lakini anasalimu. Amezaliwa Shimba Hills, anajua shikamoo kuliko watoto wengi wa Diani, na kituoni alikaa nami miezi miwili kabla sijaondoka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba mtu hadungwi kabla ya kuulizwa hali.

Masikio yako yamechoka, Mjomba. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayethubutu. Tangu marehemu mkeo aondoke hakuna mtu ndani ya nyumba wa kukusemesha, kwa hiyo hata wewe huenda hukujua. Au ulijua ukaona haya. Kinyozi asiyesikia, najua kwako ni kitu gani. Lakini kina mama wanakwenda Msambweni na watoto wenye homa, na njia ni ndefu, kwa sababu ya salamu ambayo ilitolewa.

Ninakupenda, na ninaogopa kuituma barua hii.

Yusra


Kinondo
8 Februari 2025

Yusra,

Hongera kwa mwaka wa tatu. Nimewatangazia watu.

Masikio yangu ni mazima.

Matano


Kinondo
27 Februari 2025

Mwanangu Yusra,

Waalaykumu salaam. Najua barua ile ya mwisho haikuwa na salamu. Tangu nijue kushika kalamu sijaandika barua bila salamu, na sikulala vizuri baada ya kumpa Sanga. Nilimkimbilia barabarani nimrudishe, akawa amekwisha ondoka. Siku ambayo anatakiwa achelewe, anawahi.

Tu wazima. Ramadhani imeingia mlangoni, watu wanaombana radhi nyumba kwa nyumba, na mamako amevuka kutoka Mkwiro kuja kuniomba radhi kwa korosho ambazo anasema nilizitaka nirudishiwe. Sikuzitaka, lakini nimemsamehe.

Nilikuwa nimekasirika. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Nilijua, mwanangu. Sikujua yote, lakini nilijua. Wateja nilikuwa nawauliza yale maswali yenye majibu marefu, kisha natazama midomo yao, ikisimama nasema "alhamdulillahi." Mara nyingi ilifaa. Kwa Chirau haikufaa. Na kinyozi watu humjia kwa mambo mawili, na nywele ni la pili. Nikaogopa wakijua hawatakuja. Ndipo nikaitia simu ubovu, na wewe nikakuandikisha barua kama mtoto wa shule. Lakini juu ya Kiilu, wallahi, hapo sikujua. Niliamini kabisa kijana hasalimu.

Basi nikaenda Msambweni. Daktari wa masikio, binti mdogo, akanichungulia na taa yake, akaita mwenzake aje aone. Nikadhani ni ugonjwa mkubwa. Kumbe ni nta, na ndani ya nta nywele. Nywele za watu, Yusra, za miaka yote ya kazi, nyeusi na nyeupe, zimeshikana zikawa kama mbegu ya embe. Akapiga maji ya uvuguvugu, kitu kikatoka, nikasikia mlango umefungwa upande wa pili wa jengo nikaruka. Sikio la kulia limerudi lote. La kushoto amesema ni la uzee, hilo tumwachie mwenyewe Mungu. Lakini la kulia linamtosha mtu mmoja.

Asubuhi yake nilikaa kibandani mapema, redio nimeizima. Nikamwona anakuja, kitambaa mdomoni, mfuko begani. Nikainamisha kichwa kana kwamba nafuta viti. Akafika mbele ya kibanda, kwa sauti ile ndogo, bila kuchoka, baada ya miezi yote hii ambayo sikumjibu hata siku moja: "Shikamoo, mzee Matano."

Mwanangu, nililia. Mbele ya Abdulwahab. Nikatoka nje, nikamwambia marahaba, marahaba, marahaba, nyingi kwa mpigo, kijana mpaka akaogopa. Nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Yeye si Mwislamu, lakini radhi ni radhi. Akasema, "Hakuna neno, mzee, nilijua siku moja utanijibu."

Sikuishia hapo, maana niliharibu mbele ya watu. Siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa benchi, nikaingia nikakaa kwenye kiti chako mbele yao wote. Nikawaambia kosa lilikuwa langu, masikio yangu yalikuwa yamejaa nywele za waume zao. Wakacheka sana. Kiilu akanisalimu, akaniuliza hali, akaniuliza sikio linaendeleaje. Nikaanza kumweleza ile habari ya nta. Sijafika kwenye mbegu ya embe, damu imekwishatoka. Nikamtazama. Nikamuuliza, haya nani amekufundisha? Akasema, "Yusra alinipigia mwezi wa kwanza, akanieleza njia hii, akasema ni ya mjomba wake."

Wale kina mama wamerudi, na watoto wao. Chirau naye nimemwomba radhi, nikamnyoa bure, na nimemsikiliza habari ya mbuzi wake mwanzo mpaka mwisho. Ni ndefu na haina maana yoyote, lakini nimeisikiliza.

Sanga asikuletee tena barua zangu. Simu imepona. Nipigie Ijumaa baada ya swala, nitaiweka kulia. Anza na salamu, na usizifupishe, nataka kuzisikia zote.

Mjomba wako,
Matano